Mtambo ghali si kitu ikiwa mgonjwa hakutulizwa

Kila mjadala wa saratani unapozuka hapa nchini, huishia kwenye mitambo. Mwanasiasa akipanda jukwaani katika uwanja wa Kinoru, huahidi mtambo. Familia ikiandaa harambee ya kumpeleka mgonjwa India, wanakamati huulizana ni mtambo gani ulio bora huko. Magazeti nayo hutangaza bei ya mtambo na nchi ulikotengenezwa. Ni nadra mno kumsikia mtu akiuliza maswali haya: Je, mgonjwa atalazwa vipi? Atashikwa na nini ili asisogee? Na ni nani atakayehakikisha kwamba kesho atalala vile vile alivyolala leo?

Maswali hayo huonekana madogo, tena ya kazi ya wauguzi na mito. Ukweli ni kwamba ndiyo yanayoamua iwapo mionzi itaua uvimbe au itaunguza uti wa mgongo na kuuacha uvimbe ukiendelea kukua. Maoni yangu ni kwamba kumlaza mgonjwa na kumtuliza ni sehemu ya dawa yenyewe. Isitoshe, kadiri mtambo unavyokuwa wa hali ya juu, ndivyo adhabu ya kusogea inavyozidi kuwa kali. Wanaoota kwamba siku moja Kenya itakuwa na mitambo ya protoni wanaota jambo jema, lakini yafaa waanzie kwenye kitanda cha mgonjwa.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Meru. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ni miongoni mwa zile zinazoonekana kwa wingi upande huu wa Mlima Kenya. Nchini kote, makadirio ya mwaka 2022 ya shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa yalikuwa wagonjwa wapya karibu 45,000 na vifo zaidi ya 29,000. Wengi wa wagonjwa hao huhitaji mionzi wakati fulani. Kwa mtu wa Kinoru, Maua au Chuka, mara nyingi mionzi maana yake ni safari ndefu ya Nairobi na kulala kwa jamaa kwa wiki tano au sita. Mtu aliyejitoa kiasi hicho anastahili kujua kwamba kila siku mionzi inampata mahali inapotakikana.

Chembe zinazosimama mwilini

Kwanza tueleze kinachozungumziwa. Mionzi inayotumika zaidi duniani, ile ambayo wengi hapa huiita "kuchomwa", ni eksirei zenye nguvu nyingi. Eksirei hizo huingia upande mmoja wa mwili, hupita kwenye uvimbe, kisha hutokea upande wa pili. Njiani huunguza kidogo kila kinachokutana nazo. Ndiyo sababu mtambo huzungushwa ili mionzi itoke pembe mbalimbali na kukutana kwenye uvimbe.

Tiba ya chembe ni tofauti. Hapa hutumika vipande vidogo vya maada, hasa protoni, ambazo ni kiini cha hidrojeni. Protoni huharakishwa ndani ya mtambo mkubwa hadi kufikia kasi inayozidi nusu ya kasi ya mwanga, kisha huelekezwa kwa mgonjwa. Zikiingia mwilini hutoa nguvu kidogo tu mwanzoni. Zinapokaribia mwisho wa safari yake, humwaga nguvu nyingi zaidi mahali pamoja, kisha husimama. Nyuma ya hapo haziendi. Tabia hiyo ya chembe ilionwa na mwanasayansi William Bragg mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 1946 Mmarekani Robert Wilson aliandika kwamba ingeweza kutumika kutibu saratani, na mwaka 1954 mgonjwa wa kwanza akatibiwa huko Berkeley, California. Hospitali ya kwanza nchini Marekani kuwa na mtambo wake yenyewe wa protoni ilikuwa Loma Linda, pia California, mwaka 1990. Leo vituo vya tiba ya chembe duniani vimepita 100. Afrika Mashariki hatuna hata kimoja.

Uzuri wa protoni ni kule kusimama kwake. Mtoto mwenye uvimbe karibu na ubongo anaweza kutibiwa bila sehemu nzima ya nyuma kuunguzwa. Lakini uzuri huo huo ndio hatari yake. Eksirei ikikosea kidogo, bado itapita na kuugusa uvimbe. Protoni zikikosea, zitasimama kabla ya kuufikia uvimbe, au zitaupita na kumwaga nguvu zake kwenye shina la ubongo.

Umbali ambao protoni husafiri hutegemea kile zinachopita ndani yake. Mfupa huzizuia mapema, nayo hewa huziacha ziende mbali. Mgonjwa aliyelala leo akiwa na pua tupu, kesho akaja na mafua na pua imejaa makamasi, tayari amebadilisha mahali protoni zitakaposimama. Akigeuza kichwa kidogo, mfupa wa fuvu huingia mahali ambapo jana palikuwa na nyama. Hata unene wa kitanda na wa mto anaolalia huhesabiwa, kwa sababu protoni hupita humo pia. Wataalamu wenyewe hukubali kwamba hesabu ya umbali ina shaka ya takriban asilimia 3. Kwa uvimbe ulio sentimita 15 ndani ya mwili, hiyo pekee ni karibu nusu sentimita, kabla mgonjwa hajatikisika.

Nenda kwa maseremala wa mjini Meru utazame. Fundi aliye na msumeno wa mkono aweza kuushika ubao kwa goti. Akinunua msumeno wa umeme, kitu cha kwanza anachotafuta ni kibano cha kuushikilia ubao. Anajua kwamba chombo chenye makali zaidi hakimsamehi anayeshika vibaya. Mionzi ni hivyo hivyo.

Kiti, meno na taa ndogo

Mfano mzuri ni matibabu ya saratani ya jicho. Katika hospitali ya Clatterbridge nchini Uingereza, ambako protoni zimetumika kutibu macho tangu 1989, mgonjwa halali kitandani. Huketi kwenye kiti kinachoweza kusogezwa kwa vipimo vidogo sana. Uso wake hushikwa na kinyago, na huuma kipande cha plastiki kilichotengenezwa kwa kufuata meno yake mwenyewe, ili kichwa kisipande wala kushuka. Kabla ya hapo, daktari wa macho huwa ameshona vipande vidogo vya madini nyuma ya jicho, ili vionekane kwenye picha ya eksirei. Kisha mgonjwa huambiwa aikazie macho taa ndogo. Jicho likitazama taa ile, uvimbe uko mahali pake, na mionzi huwashwa. Jicho likihama, mionzi huzimwa. Mtambo mzima, pamoja na umeme na wanasayansi wake, humngojea mgonjwa atazame taa.

Afrika nayo ina historia yake katika jambo hili. Huko Faure, karibu na Cape Town, kituo cha utafiti ambacho leo chajulikana kama iThemba LABS kilianza kutibu wagonjwa kwa neutroni mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa protoni mwaka 1993. Protoni zao zilitoka kwenye bomba lililolala na lisiloweza kugeuzwa. Kwa kuwa mionzi haikuweza kumzunguka mgonjwa, ilibidi mgonjwa ndiye ageuzwe na kuelekezwa kwenye mionzi. Walimtengenezea kila mgonjwa kinyago chake, wakakibandika alama ndogo zinazong'aa, na kamera zilizowekwa chumbani zikazisoma alama hizo. Tarakilishi ilikokotoa kichwa kiko wapi hasa, na kiti kikasogezwa hadi uvimbe ukae kwenye mstari wa mionzi. Matibabu huko yamekwisha koma na mtambo ule sasa ni wa utafiti. Funzo lake hata hivyo limebaki: watu wa bara hili, wakiwa na mtambo usioweza kugeuka, walitumia akili zao kwanza kwenye namna ya kumshika mgonjwa.

Elektroni tulizo nazo tayari

Msomaji aweza kusema kwamba habari za protoni ni za wenzetu. Si hivyo kabisa. Mitambo ya kisasa inayotumika katika hospitali zetu huharakisha elektroni ndiyo itengeneze eksirei. Mitambo mingi ya aina hiyo huweza pia kuzitoa elektroni zenyewe na kuzielekeza kwenye ngozi. Elektroni ni chembe, nazo hazisafiri mbali mwilini. Elektroni za nguvu ya volti milioni 12 hutibu vizuri kina cha takriban sentimita 4, kisha hufifia haraka. Hutumika kwa uvimbe wa ngozi, kwa kovu baada ya titi kukatwa, na hata kwa yale makovu yanayofura baada ya kupasuliwa, ambayo sisi Waafrika tunayapata sana.

Hapa pia kulala ndiko kila kitu. Mama akiuinua mkono leo hadi juu ya kichwa, kesho akauinua nusu kwa sababu bega lauma, ngozi ya kifua hubadilisha mteremko wake. Elektroni zitaingia kwa pembe nyingine na kufika kina kingine. Kwa kina cha sentimita 4 tu, pembe ndogo ni jambo kubwa, kwani nyuma ya mbavu kuna pafu, na upande wa kushoto kuna moyo.

Kuhusu eksirei, tumepiga hatua. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta imekuwa ikitoa tiba ya mionzi tangu mwaka 1968. Katika miaka ya karibuni kumeongezwa Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, pamoja na vituo vya Nakuru, Mombasa na Garissa. Mwaka 2023 hospitali hiyo ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilizindua CyberKnife, mtambo uliobebwa na mkono wa roboti, unaoweza kuufuata uvimbe mtu anapopumua. Hata huo hauondoi haja ya mgonjwa kutulia. Wenyewe hulenga kwa milimita, na mgonjwa hulala kitandani kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kinyago kinachowatia watu hofu

Sasa tufike kwenye chumba chenyewe. Mgonjwa wa saratani ya koo, pua au ubongo hutengenezewa kinyago. Si kama barakoa tulizovaa wakati wa Covid-19. Ni plastiki ngumu yenye matundu mengi. Plastiki hiyo hulowekwa kwenye maji moto ya nyuzi karibu 70 hadi ilainike kama ngozi ya mbuzi iliyoloweshwa. Huachwa ipoe kidogo, kisha huvutwa juu ya uso, na wakati mwingine hadi mabegani. Baada ya dakika chache huwa imekauka kwa umbo la uso huo na si wa mtu mwingine. Kingo zake hubanwa kwenye kitanda kwa klipu. Alama huchorwa juu yake, mgonjwa hupitishwa kwenye skani, na hesabu zote hupigwa kwa kufuata mkao ule. Siku za matibabu, miale ya leza kutoka kwenye kuta huangaza alama zile ili wataalamu waone kama kila kitu kimerudi mahali pake.

Kwa sehemu nyingine za mwili hutumika vifaa vingine. Kuna godoro dogo lililojaa chembechembe za plastiki. Mgonjwa hulilalia, hewa hunyonywa, na godoro hukauka likiwa na umbo lake. Kuna mbao za kuegemeza mikono ya mama anayetibiwa titi, na mito ya magoti kwa wanaotibiwa sehemu za nyonga. Katika dakika 15 au 20 ambazo mgonjwa yumo chumbani, mionzi yenyewe huwaka kwa dakika chache tu. Muda uliobaki ni wa kumlaza.

La kusikitisha ni kwamba kinyago hiki huwafukuza watu. Namkumbuka nyanya mmoja niliyemwandikia barua ya kwenda kutibiwa. Alirudi baada ya siku mbili, akaketi mbele yangu na kusema, "Mwanangu daktari, walitaka kunifunika uso kama maiti. Mimi sijafa." Nilipomuuliza ni nani aliyemweleza kazi ya kile kinyago, alijibu kwamba walizungumza upesi upesi kwa Kiingereza na Kiswahili, naye anasikia vizuri Kimeru peke yake. Nilimlaza kwenye kitanda changu, nikatuma mtu dukani alete mfuko wa neti unaotiwa vitunguu, nikauweka usoni mwake huku nikimshika mkono. Nikamwambia avute pumzi. Alivuta. Nikamwambia aimbe wimbo wa kanisani akiwa amefumba mdomo. Aliimba, kisha akacheka. Alikubali kurudi, lakini wiki tatu zilikuwa zimekwisha pita, na saratani haingoji mtu aondokewe na hofu.

Mtu anayeogopa hata akikubali kulala, hakazi mwili kwa namna moja. Siku ya kwanza mabega yamepanda kwa woga. Siku ya kumi amezoea, mabega yameshuka. Kwa macho ya mtambo, huyo ni watu wawili. Kwa hiyo maelezo ya nusu saa kwa lugha anayoielewa mgonjwa ni kifaa cha kumtuliza, kama vile klipu ilivyo kifaa.

Kazi huanzia kwa daktari wa kwetu

Sisi madaktari wa kliniki ndogo hudhani kwamba tukishaandika barua ya rufaa kazi yetu imekwisha. Hapana. Mgonjwa asiyeweza kulala chali kwa dakika 20 hawezi kutibiwa kwa usahihi popote, si Nairobi wala Chennai. Uwezo huo twaweza kumpa tukiwa hapa.

Anayekohoa usiku kucha atibiwe kikohozi kwanza. Aliye na maji kifuani yatolewe. Mwenye maumivu ya mifupa apewe mofini ya kutosha, na aelezwe kwamba aimeze mapema kabla ya kupanda kitanda, si baada ya kuteremka. Mama aliyekatwa titi aanze mazoezi ya bega mapema, autembeze mkono ukutani kila asubuhi na jioni, ili siku ya kupimwa auinue bila machozi. Mwenye meno mabovu na ambaye atapigwa mionzi ya kinywa ang'olewe kabla kinyago hakijatengenezwa. Akingolewa baadaye, shavu hufura na kinyago hakimwingii, na taya iliyopigwa mionzi hupona kwa shida.

Kwa wagonjwa wetu wa umio, jambo kubwa ni chakula. Mtu ambaye hata uji haupiti hukonda haraka. Akikonda, umbo alilopimiwa si lake tena, na kile alichotengenezewa kumshika humlegea. Mara nyingi hulazimu kupimwa upya na hesabu kuanza tena, jambo ambalo ni gharama na ni siku zilizopotea. Afadhali awekewe mrija wa kupitishia chakula mapema, kabla safari haijaanza.

Watoto wana mambo yao. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuambiwa atulie. Mara nyingi hupewa dawa ya usingizi kila siku ya matibabu, na mzazi lazima azingatie saa za kutomlisha. Mtoto mkubwa kidogo aweza kufundishwa. Akipewa kinyago akichezee, akakichora rangi, na kumvisha mwanasesere wake, siku ya kweli huja akiwa anakijua.

Anayotakiwa kujua mgonjwa

Kwa msomaji ambaye yeye au jamaa yake anatarajia kupigwa mionzi, haya yafuatayo yazingatiwe.

Nywele zisibadilishwe. Ukipimiwa kinyago ukiwa umesukwa, usifumue katikati ya matibabu, wala usisuke ikiwa ulipimwa bila kusuka. Afadhali nywele zikatwe ziwe fupi tangu mwanzo. Hata ndevu ni hivyo hivyo.

Alama zilizochorwa mwilini zisisuguliwe kwa dodoki. Kuna vituo vinavyotia nukta ndogo ya wino chini ya ngozi ambayo haifutiki. Kama dini yako inakukataza, sema mapema ili itafutwe njia nyingine. Usinyamaze, kisha ukaifuta nyumbani.

Anayetibiwa mlango wa uzazi au tezi dume mara nyingi huambiwa anywe maji na kungoja hadi kibofu kijae. Kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mbali na mionzi, na hushikilia viungo vya ndani mahali pamoja. Kunywa kiasi kile kile, kwa saa ile ile, kila siku. Kifaa cha nje hakiwezi kushika kilicho tumboni. Hapo mgonjwa mwenyewe ndiye anayejituliza.

Ukihisi kwamba kinyago kimelegea, au kinabana kuliko jana, sema. Ukihisi unataka kukohoa, inua mkono. Wataalamu hukutazama kwenye kamera na huweza kuzima mtambo mara moja. Si utovu wa adabu kumsimamisha daktari. Wengi wetu tumelelewa kuvumilia kimya mbele ya wakubwa, lakini kwenye kitanda hiki kimya chaweza kukudhuru.

Nao wanaokusanya fedha ili wampeleke mgonjwa wao kwenye protoni, pengine katika kituo cha Chennai kilichofunguliwa mwaka 2019, wapime kwa makini kabla ya kuuza shamba. Protoni zina faida kubwa kwa watoto, kwa uvimbe ulio chini ya fuvu, na kwa jicho. Kwa saratani nyingi nyingine, eksirei zikitumiwa kwa uangalifu hufanya kazi nzuri. Mkiamua kwenda, fahamuni kwamba vifaa vya kumshika mgonjwa hutengenezwa huko huko, na kwamba lazima akae hadi mwisho. Mgonjwa aliyeishiwa na fedha katikati, akarudi nyumbani, hawezi kuendelea hapa pale alipoachia.

Pesa ziende wapi?

Kuna watakaonipinga. Watasema kwamba watu wanakufa kwa kukosa mitambo, nami nazungumzia mito na plastiki. Hoja yao ina uzito. Mwaka 2016 mtambo wa pekee wa mionzi wa Uganda, ule wa Mulago, uliharibika, na hadi mwingine ulipoanza kazi wagonjwa wengi walibaki bila tiba hiyo nchini mwao. Pasipo mtambo hakuna la kumtulizia mgonjwa.

Lakini tuangalie hesabu. Kituo kikubwa cha protoni hupita dola milioni 100. Kinyago, godoro la hewa na mto wa magoti ni vitu vya bei ndogo mno vikilinganishwa na mtambo wowote. Hata hivyo ndivyo vinavyosahauliwa katika bajeti, kwa kuwa hakuna mkubwa anayealikwa kukata utepe mbele ya mto. Matokeo ni mtambo wa mamilioni ukilenga mgonjwa aliyeshikwa kwa shuka iliyokunjwa.

Naomba mambo matatu. Kwanza, kila hospitali inayonunua mtambo inunue pamoja nao vifaa vya kumtulizia mgonjwa, na itenge fedha za vingine kila mwaka. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ivihesabu vifaa hivyo kuwa tiba, si nyongeza ya kulipwa na mgonjwa mfukoni. Pili, wataalamu wa mionzi waajiriwe kwa idadi itakayowapa muda wa kumlaza kila mtu sawasawa. Foleni ikiwa ndefu, kinachopunguzwa kwanza ni zile dakika za kupanga mkao, na hakuna anayeona madhara yake hadi miezi ipite. Pawepo pia mtu wa kumweleza mgonjwa kwa Kimeru, Kikamba, Kisomali au lugha yoyote aijuayo. Tatu, kaunti zetu ziwatafutie wagonjwa malazi karibu na hospitali za mionzi. Mtu aliyetoka alfajiri kwa matatu, akasongamana na magunia na kutikiswa njia nzima, hawezi kupanda kitandani na kulala kama jiwe.

Haya yote hayangoji protoni. Yanaweza kuanza kwa eksirei na elektroni tulizo nazo, na mwezi huu wa leo. Siku ambayo Kenya itajenga kituo cha chembe, na naamini itafika, wataalamu waliozoea kumrudisha mgonjwa kwenye milimita ile ile kila asubuhi watakuwa tayari kukiendesha. Kabla ya hapo, mbunge au gavana wako akija kuahidi mtambo, mpigie makofi, kisha inua mkono umuulize mgonjwa atalazwa vipi.